Fungurume: Bibi na bwana wenye siku chache za konje, ni mlima gani wanaweza kufika?

Kwa wafanyakazi wengi wa migodi ya Fungurume, konje ni ya siku chache, na mara nyingi inaishia nyumbani, msibani ama kwenye harusi ya ndugu. Lakini bibi na bwana, zaidi wale waliofunga ndoa hivi karibuni, wanaanza kujiuliza: kwa nini tusiende sisi wawili tu pahali pa baridi, pasipo vumbi na malori?

Kwenye televisheni na simu watu wanaona picha za milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Safari ya huko inaomba ndege, viza na siku za kuzoea hewa nyepesi, maana muji wa Cusco, nchini Peru, uko kwenye mita karibu 3,400. Sisi wa Lualaba na Haut-Katanga tuko na nyanda zetu za juu. Hazifiki urefu ule, na mtu wa Fungurume, anayeishi tayari juu ya mita 1,000, hataumwa kichwa kwa sababu ya hewa. Kazi ngumu ni kupanga.

Siku tatu: uwanda wa Biano

Kama muko na siku tatu tu, musidanganyike na picha nzuri za mbali. Uwanda wa Biano uko katika upande wetu, kaskazini ya Tenke, na reli inayotoka Tenke kwenda Bukama inapita huko. Uwanda unapita mita 1,500. Ni majani mengi, upepo, na ng'ombe ambao wamefugwa kule tangu wakati wa Wabelgiji.

Musihesabu hoteli. Bebeni hema, blanketi nzito na chakula chenu, na mukifika kijijini, mupite kwanza kwa chefu wa kijiji kumusalimia na kumwambia munatafuta nini. Hiyo ni heshima, lakini ni usalama pia: mugeni ambaye chefu anamujua hasumbuliwi ovyo.

Wanaopenda historia wanaweza kuchagua Bunkeya, katika teritwari ileile ya Lubudi. Bunkeya si mlimani, ila ndipo Msiri, mwami wa Bayeke, alikuwa na makao yake mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Kila mwaka tarehe hiyo Bayeke wanamukumbuka. Shida ni kwamba Desemba ni mvua kabisa, na njia za udongo zinaharibika.

Siku tano ama zaidi: Kundelungu

Kundelungu ndiko wengi wanataka. Ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na uwanda wake unafika mita 1,700 na zaidi. Ndani yake muko maporomoko ya Lofoi, ambayo maji yake yanaanguka karibu mita 340 mara moja. Ni kati ya marefu zaidi katika Afrika.

Lakini hesabuni vizuri. Toka Fungurume mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 200, kupitia Likasi. Siku ya kwanza inaishia Lubumbashi. Siku ya pili ni ya kupanda, na njia za hifadhi zinaomba jipu yenye nguvu, si taksi. Siku ya tatu ni ya Lofoi. Siku ya nne na ya tano ni za kurudi. Mwenye siku tatu akilazimisha Kundelungu, ataona barabara tu.

Wakati gani?

Lofoi inaleta swali gumu. Mvua inaanza karibu Oktoba ao Novemba na kuisha Aprili. Wakati huo maji ni mengi, lakini njia ni matope. Mwisho wa kiangazi njia ni kavu, lakini maji yanapungua sana. Kwa hiyo Mei na Juni ndio wakati muzuri: njia imeanza kukauka na maji bado yanaonekana. Mukumbuke kwamba Juni na Julai usiku wa kule juu ni baridi kali. Koti si mapambo.

Usalama kwanza

Upemba, hifadhi iliyoundwa 1939, iko na uwanda muzuri pia, na ndiyo makao ya pundamilia wa Kongo. Lakini makundi ya Mai-Mai yamesumbua sehemu zile kwa miaka mingi. Mwezi wa Desemba 2012 mkuu wa hifadhi hiyo aliuawa. Kwa Upemba kama kwa Kundelungu, musiondoke bila kuuliza ICCN, ofisi ya serikali inayosimamia hifadhi, pale Lubumbashi. Waulizeni mambo matatu: njia iko wazi? Nani atatupokea? Tunalipa nini? Jibu la mwaka jana halitoshi.

Barabarani, musitembee usiku. Malori ya shaba na kobalti yanayokwenda Kasumbalesa hayana huruma kwa gari ndogo, na mengine yanasimama njiani bila taa.

Feza na jamaa

Andikeni bajeti pamoja, bibi na bwana, mbele ya kuondoka: mazutu ao esansi ya kwenda na kurudi, peaje, kulala, chakula, kiingilio cha hifadhi, na sehemu ya dharura ambayo hamuigusi. Bebeni franga za kutosha na dola safi. Noti iliyopasuka, hata kidogo, itakataliwa na hamutapata benki mlimani. Bebeni kadi ya uchaguzi, dawa, chandarua, tairi ya akiba na bidoni ya mafuta. Kule juu reseau inapotea. Mwachie mutu mmoja wa nyumbani siku ya kurudi na njia mutakayopita.

Inabaki jamaa. Kuna wazazi watakaosema: munapoteza feza kwenda kutazama maji? Jibu si kubishana. Ndoa nyingi hapa zinagharimu sana siku ya sherehe, kisha bwana anarudi kazini na bibi anabaki na deni na watoto. Siku tatu za kuzungumza bila simu kulia hazilipi deni, lakini zinawapa wawili nafasi ya kukubaliana namna ya kulilipa. Kwa hiyo anzeni na Biano, pa karibu na pa bei ndogo. Mukirudi salama, ndipo mupange Kundelungu kwa konje ya mwaka ujao.