Apu Imekuambia Ule Kalori 1,200? Ngoja Kwanza

Jioni moja nilijikuta nimeketi kwenye ngazi za ploti yetu kule Pipeline, orofa ya tatu, kichwa kinazunguka, siwezi kufika kwa keja. Jirani alidhani nina mimba. Ukweli ni kwamba ilikuwa siku ya tisa nikitii apu ya mazoezi iliyoniambia nile kalori 1,200 kwa siku, basi.

Kama nawe umepakua mojawapo ya hizi apu, unajua mambo huanza vipi. Unajaza uzito, kimo na umri, halafu unaulizwa unataka kupunguza kilo ngapi kwa wiki. Mimi nikabonyeza kilo moja. Nani hapendi haraka? Nambari ikatokea, nikaifuata kama amri ya mwalimu mkuu.

Baada ya zile ngazi ndipo niliamua kuchimba nambari hiyo ilitoka wapi. (Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini shida ilikuwa karo, si hesabu.)

Apu nyingi hutumia kanuni ya Mifflin-St Jeor, iliyochapishwa 1990. Chukua kilo zako mara 10. Jumlisha kimo kwa sentimita mara 6.25. Toa umri mara 5. Mwanamke atoe 161 tena, mwanamume aongeze 5. Mimi nina kilo 68, sentimita 160, miaka 24. Jibu: 1,399. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wangu unakadiriwa kutumia hata nikilala siku nzima nikitazama dari.

Kisha apu inazidisha kulingana na maisha yako. Asiyesonga sana ni mara 1.2, anayesonga kiasi ni 1.375. Kwa kuwa siendi jimu, nilijaza "asiyesonga". Ikawa 1,679.

Hapo ndipo nakisi inaingia. Ni kama ile ya bajeti ya serikali, pengo kati ya kinachoingia na kinachotumika, ila mwili hauendi kukopa, unachota mafuta uliyoweka akiba. Kilo moja ya mafuta hayo hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Gawa kwa siku saba, ni 1,100 kila siku. Toa 1,100 kwa 1,679 na unabaki na 579. Manze, hiyo ni chapo mbili na chai, siku nzima!

Apu nyingi hazimruhusu mwanamke kushuka chini ya 1,200, kwa hivyo yangu ilisimama hapo kimyakimya. Yaani niliomba kilo moja kwa wiki, nikapewa nakisi ya 479, ambayo kwa hesabu yake yenyewe haifiki hata nusu kilo. Wiki ikaisha, mizani ikakataa kushuka kilo. Nikajilaumu, nikaanza kuruka chakula cha jioni.

Na kulikuwa na kosa langu pia. Mimi hutembea hadi kazini Industrial Area na kurudi, kuokoa nauli. Huyo si mtu asiyesonga! Nikitumia 1.375, mwili wangu unahitaji karibu 1,924. Kumbe hata zile siku nilizokula 1,200 kamili, pengo langu lilikuwa zaidi ya 700.

Wenye saa za kuhesabu hatua, mtego wenu uko upande wa pili. Ukishaiambia apu unasonga kiasi, halafu saa nayo ikuongezee kalori za kutembea, safari moja imehesabiwa mara mbili. Chagua moja.

Chakula chenyewe ndicho kigumu zaidi kupima. "Chapati ya wastani" ya kwenye apu haijawahi kukutana na chapo ya mathe wa kibanda chetu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama kalori 120, na sijawahi kumwona akipima kwa kijiko. Ugali nao, pima unga kabla ya kusonga: gramu 100 ni takriban kalori 360. Ukishaiva, maji yanavuruga uzito.

Kwa hivyo sasa naichukua ile nambari kama makadirio tu. Najipima asubuhi, natafuta wastani wa wiki, na sibadilishi lolote kabla ya wiki tatu au nne, kwa sababu chumvi na hedhi pekee zinaweza kupandisha mizani karibu kilo nzima. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha au una kisukari, usianze hata kidogo kabla ya kumwona mtaalamu wa lishe.

Mimi nilirudi kwenye apu nikachagua robo kilo kwa wiki. Hiyo ni nakisi ya 275, nakula kama 1,650, na chapo madondo ya Ijumaa inatoshea ndani. Ngazi napanda bila kusimama. Jirani bado huuliza mtoto anazaliwa lini.