Uhaba Uliozaa Prosesa ya Simu

Prosesa iliyomo ndani ya karibu kila simu janja ilizaliwa na uhaba. Mwaka 1983 kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ilianza kusanifu prosesa yake yenyewe. Sophie Wilson alitunga amri ambazo prosesa hiyo ingezitekeleza, Steve Furber akasanifu mpangilio wa ndani. Timu ilikuwa ndogo, hivyo amri nazo zikawa chache na nyepesi. Chipu ya kwanza ilianza kufanya kazi Aprili 1985 ikiwa na transista 25,000 hivi, ilhali prosesa ya 80386 ya kampuni ya Intel, ya mwaka huohuo, ilikuwa na 275,000. Kwa hiyo umeme iliotumia ulikuwa kiduchu mno, sifa ambayo kwenye kompyuta ya mezani haikuwashughulisha wengi. Ilibidi zije simu za mkononi, zinazoishi kwa betri, ndipo thamani yake ionekane.

Wapo wanaosema hoja hii ya amri chache na nyepesi imepitwa na wakati: tangu prosesa ya Pentium Pro ya 1995, Intel nayo huvunjavunja amri zake nzito kuwa vipande vyepesi ndani kwa ndani. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini kuvunja huko si bure. Hula transista na umeme, na Intel haiwezi kuacha uvunjaji huo kirahisi kwa kuwa programu zilizoandikwa kwa ukoo wa prosesa yake ya 8086, ya 1978, bado zinadai kuhudumiwa. Isitoshe, ARM, kampuni iliyoundwa 1990 kuendeleza prosesa hiyo ya Acorn, iliuza leseni badala ya chipu (ujanja wa kibiashara, si wa kihandisi). Apple ilipoleta chipu ya M1 mwaka 2020, kompyuta zake nazo zikaingia katika ukoo wa Cambridge.