Bunduki ya Kumwindia Bweha

Wasikilizaji wetu wa Tarime, bweha amnyakuapo mwana-mbuzi, mwindaji anayeanza hutamani bunduki ipigayo mbali. Sisi twamshauri kinyume. Risasi ya bunduki ndogo ya .22 huweza kuruka zaidi ya maili 1, na nyuma ya bweha huenda pana boma la jirani. Basi na achague bunduki ya marisawa, ambayo huishiwa nguvu mapema, apige kwa hatua 30 tu. Zaidi ya hapo atajeruhi bure. Risasi zake zilingane na namba iliyochorwa mtutuni, kwani zisizolingana huweza kuupasua. Tena kwanza apate kibali cha silaha, kwa sheria ya 2015, na leseni ya kuwinda, kwa sheria ya 2009. Asipokuwa navyo, zizi imara la miiba litamlindia mbuzi wake.