Jeraha limefunga, lakini je, anaweza kuchuchumaa chooni?

Hapa Kivu, aliyepigwa risasi mara nyingi anahesabiwa mara mbili: siku anayoingia hospitali na siku anayotoka. Kando ya jina lake wanaandika «amepona». Jeraha limefunga, ni kweli. Kama anaweza kuinuka kitandani mwenyewe kule nyumbani, daftari halisemi.

Kumrudisha mtu kwenye maisha yake ni kazi ya wale tunaowaita kine, pamoja na mafundi wa miguu bandia, kama wa Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu. Kuhesabu miguu iliyotolewa ni rahisi. Lakini baada ya miezi 3, mwenyewe bado anauvaa, ao umelala chini ya kitanda?

Vipimo viko, tena vya bei ndogo. Kimoja, cha tangu mwaka 1991, kinaomba kiti, saa na metre 3 za sakafu. Mgonjwa anasimama, anatembea, anageuka, anarudi, anakaa. Huko Marekani, mzee anayetumia sekunde 12 ao zaidi anaonekana yuko katika hatari ya kuanguka. Kwa kijana aliyekatwa mguu, jambo la maana ni kulinganisha sekunde zake za leo na zake za mwezi uliopita.

Kingine ni cha Barthel, kilichotolewa Marekani mwaka 1965: mambo 10, kama kula, kuoga, kuvaa, kuzuia haja, kupanda ngazi. Jumla ni 100. Waliokitunga walionya wenyewe kwamba mwenye 100 anaweza bado kushindwa kupika ao kuishi peke yake.

Kwetu pengo hilo ni kubwa zaidi. Kipimo kinawaza choo cha kukalia, wakati wengi wetu tuna cha shimo. Goma mtu anakanyaga mawe ya volkano, Bukavu ni kupanda na kushuka tu. Mama anaweza kupata 100 hospitalini, halafu nyumbani bidoni ya lita 20 ikamshinda, na binti yake akaacha masomo ili achote maji. Hiyo nayo iandikwe.

Kuongeza maswali matatu hakuhitaji mashine: unachuchumaa? unabeba maji? umerudi shambani ao sokoni? Yaulizwe siku ya kutoka, yarudiwe baada ya miezi 3. Ugumu uko hapo, maana aliyekimbia vita hahami na anwani yake, na pesa ya moto kurudi hospitali inakosekana. Mareko wa mitaani, wanaozunguka nyumba kwa nyumba, wangeweza kubeba maswali hayo, mradi walipwe.