Jino la Jilfidan

Anayetafuta nasaba ya Seyyida Salme hapati taabu upande wa baba. Ni binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1856, na ukoo wa Al Busaidi umehifadhiwa jina kwa jina. Taabu huanza ukiuliza mama yake ni nani.

Aliitwa Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Nyuma ya jina hilo hakuna "binti fulani". Mtoto wa suria alizaliwa huru, akabeba ukoo wa baba na kumrithi. Mama akabaki na jina moja tu, na shajara inayofuata wanaume haina tawi la kumning'iniza.

Tunayoyajua yamo katika kumbukumbu alizozichapisha Salme Ujerumani mwaka 1886. Babake Jilfidan alikuwa mkulima. Vita vilipofika kwao, wavamizi waliwaua wazazi wake, kisha wapanda farasi watatu wakachukua kila mmoja mtoto wake: kaka, Jilfidan, na mdogo wao wa kike aliyeshinda akimlilia mama. Kufikia jioni wote watatu walikuwa wametengana. Hakupata tena habari zao. Alipoingia nyumbani kwa Seyyid Said alikuwa mdogo hivi kwamba jino lake la kwanza liling'okea humo.

Kwangu jino hilo lina thamani kuliko cheti. Linatupa umri, kwani meno ya utoto huanza kung'oka kwenye miaka sita au saba. Tena linatuonyesha habari ilivyosafiri: hayo si maneno ya karani, ni mama akimsimulia mwanawe. Na tungeyakosa kabisa kama Salme asingejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma tu.

Ndiyo maana anayemtafuta bibi wa namna hii namshauri aanzie kwa mtoto, arudi nyuma. Aulize mama alisimulia nini, alilelewa na akina nani, aliacha mali gani. Jilfidan alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859, na mashamba yake yakaenda kwa Salme. Mali huacha nyayo hata pale ukoo ulipofutika.

Salme aliolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, mwaka 1867. Mwanawe wa kiume alilichukua jina la babu, akajulikana Ulaya kama Rudolph Said-Ruete. Mabinti wakaitwa Antonie Thawka na Rosalie Ghuza. Jina la Jilfidan halikupata wa kulibeba.