Miguu kuuma baada ya kuruka: nyasi, mchanga au maji?

Jumatatu asubuhi kijana anashuka ngazi za ghorofa akiushikilia ukuta, hatua moja moja kama mzee wa miaka 80. Jumamosi jioni alikuwa kwenye uwanja wa shule, akiruka kutoka juu ya meza hadi kwenye sakafu ya saruji na kuruka tena, mara mia moja na zaidi, kwa kuwa anataka nafasi katika timu ya voliboli. Jumapili aliamka na maumivu na sasa yamezidi. Wenzake wanamtia moyo kwa kumwambia kwamba asiyeumia hajafanya mazoezi.

Hayo si kweli, na kuyaamini kunaweza kumnyima hiyo nafasi anayoitafuta.

Mazoezi aliyokuwa akifanya huitwa na makocha plaiometriki. Jina hilo lilienezwa na kocha wa riadha wa Marekani, Fred Wilt, mwaka 1975, lakini aliyeyapa mazoezi haya sifa ni Yuri Verkhoshansky wa Muungano wa Kisovieti, aliyekuwa akiwafunza warukaji katika miaka ya 1960. Aliwapandisha juu ya kisanduku, wakajiangusha chini, na mara tu miguu ilipogusa ardhi wakaruka kwa nguvu zao zote. Baadhi ya visanduku vyake vilizidi urefu wa mita moja. Lakini hao walikuwa wanariadha waliokwisha kujenga nguvu za miguu kwa muda mrefu, na sharti hilo ndilo linalosahauliwa haraka mitaani kwetu.

Siri yenyewe unaweza kuijaribu nyumbani. Simama kando ya ukuta ukiwa na kipande cha chaki mkononi. Chuchumaa kidogo, tulia kwa sekunde tatu, kisha ruka na utie alama. Sasa anza ukiwa umesimama wima, jishushe kwa haraka na uruke papo hapo bila kutulia. Watu wengi huona kwamba alama ya pili imepita ya kwanza. Unapojishusha haraka, misuli na kano za miguu huvutika kama mpira wa manati, na ukiruka mara moja nguvu hiyo hukurudishia. Ukichelewa, hupotea. Anayetaka kuiona kanuni hii bila kufungua kitabu na awatazame morani wa Kimaasai wakiruka katika ngoma yao, mwili ukiwa umenyooka na visigino vikiwa havikai chini.

Maumivu nayo yanatoka wapi? Unapotua, misuli ya mapaja na vigimbi hufanya kazi ya breki, yaani hukaza huku ikilazimishwa kurefuka. Hakuna kazi inayoichosha misuli isiyozoea kuliko hiyo. Nyuzi zake ndogo sana huchanika, na mwili unapoanza kuzikarabati panatokea uvimbe mdogo na uchungu, unaofikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, lakini hiyo huwa imekwisha kuondoka mwilini muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alikuwa tayari ameandika kwamba uchungu wa namna hii unaelekea kutokana na kuchanika ndani ya misuli. Karne nzima imepita na bado asidi inasingiziwa!

Jambo la kufurahisha ni kwamba mahali unaporukia hubadili mambo. Watafiti wakiongozwa na Franco Impellizzeri waliwagawa wanasoka 37 katika makundi mawili, wakawapa mazoezi yaleyale ya kuruka kwa wiki nne, kundi moja kwenye nyasi na jingine kwenye mchanga. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Waliorukia mchanga waliumwa na misuli kidogo kuliko wenzao, na mbio zao fupi ziliimarika sawa na za wale wa nyasi. Hata hivyo, katika kule kuruka kwa kujishusha haraka, wa nyasi ndio waliopata faida kubwa zaidi. Sababu inaeleweka: mchanga huzama chini ya mguu, mshindo ukapungua, na ile nguvu ya manati ikamezwa. Kwa upande mwingine, mrukaji wa mchangani hulazimika kusukuma kwa nguvu za misuli yenyewe.

Maji nayo yana habari yake. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani ambapo wanawake vijana 32 walifanya mazoezi haya kwa wiki nane, baadhi ndani ya bwawa na wengine nchi kavu. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa kuruka kwa kiasi kinachokaribiana, ila wa majini hawakuumwa sana. Aliyesimama katika maji ya kiunoni huelemewa na karibu nusu tu ya uzito wake.

Kwa hiyo anayeanza, au anayetoka katika jeraha, ni afadhali aanze majini au mchangani. Mkaazi wa Mombasa ana ufuo wa bahari bila malipo. Wa Nairobi atafute shimo la mchanga la warukaji shuleni. Baada ya wiki kadhaa ahamie kwenye nyasi, kwa sababu mchezo wenyewe hauchezewi mchangani. Saruji aiache kabisa. Kutua mara 80 hadi 100 kwa siku kunamtosha anayeanza, siku mbili kwa wiki zilizoachana. Mwili hujifunza upesi, na zoezi moja la kiasi huikinga misuli kwa wiki kadhaa dhidi ya uchungu mkali kama ule wa kwanza. Kujinyoosha, ambako wengi hukutegemea, hakupunguzi maumivu haya kwa kiasi cha maana.

Miguu ikiwa bado inauma, usirukie mazoezi mengine. Misuli iliyoumia ina nguvu pungufu na hutua vibaya. Kumeza dawa za maumivu ili uendelee ni kuificha dalili tu.

Uchungu wa misuli yote ya paja, unaopungua siku ya nne, si ugonjwa. Uchungu wa mahali pamoja chini ya pia ya goti, unaorudi kila unaporuka, ni jambo jingine. Hiyo huwa ni kano, na kijana anayekua anahitaji kupimwa. Na kama misuli imevimba na kukakamaa, na mkojo umegeuka rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, asingoje kesho. Hiyo ni misuli inayovunjika na kuziumiza figo, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.