Spika za kompyuta Arua na Koboko: wati za kwenye boksi si wati za kuuza

ARUA – Katika biashara ya spika za kompyuta huko West Nile, kinachomvuta mnunuzi kwanza ni namba iliyochapwa kwenye boksi. Seti moja inajitangaza kuwa na wati 1,000, jirani yake 5,000, na si ajabu ile ya 5,000 ikawa nyepesi kuliko mfuko wa sukari wa kilo mbili. Mnunuzi aliyevuka kutoka Aru upande wa Kongo, au Kaya upande wa Sudan Kusini, hana nafasi ya kurudi kesho yake kudai. Sabufa ikianza kukoroma akiwa kwao, hasara ni yake, na mwenye duka la Arua au Koboko amempoteza mteja.

Namba hizo za maelfu huitwa PMPO. Ni kipimo kisicho na kanuni moja inayokubalika kimataifa, hivyo kila kiwanda hukikokotoa kinavyotaka, na mnunuzi hawezi kukitumia kulinganisha seti mbili. Kipimo cha kufanyia biashara ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila sauti kupasuka.

Kampuni zenye majina hutaja RMS waziwazi, na namba zake ni ndogo. Logitech Z313, yenye spika mbili na sabufa, ina wati 25. Edifier R1280T, spika mbili za mbao zisizo na sabufa, ina wati 42. Creative Pebble, inayokula umeme wa USB, ina wati 4.4 tu. Logitech Z623, ambayo ni seti kubwa ya kutikisa sebule, inaishia wati 200. Mfanyabiashara akikuta boksi la bei ya Z313 linalodai wati 5,000, hesabu imemalizika hapo.

Je, kama boksi halitaji RMS kabisa? Njia ipo, na haihitaji fundi. Amplifaya haiwezi kutoa mfululizo nguvu kuliko ile inayoingia. Kwa hiyo tazama adapta, chukua volti uzidishe kwa ampea. Adapta ya volti 12 na ampea 2 inaingiza wati 24, basi spika zote za seti hiyo kwa pamoja haziwezi kufika 24, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kama joto. Kama seti ina transfoma ndani, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha wati zinazotumika. Spika za USB ni rahisi zaidi kukagua: tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake hutoa volti 5 na ampea 0.5, sawa na wati 2.5, na la USB 3.0 wati 4.5.

Tuseme seti ya kwanza inauzwa shilingi 90,000 za Uganda, boksi linasema 5,000, lakini adapta ni ya wati 24 na nguvu halisi ni kama 18. Seti ya pili ni shilingi 150,000, na RMS yake ni 40. Ya kwanza inamgharimu mteja shilingi 5,000 kwa kila wati, ya pili shilingi 3,750. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Mwenye duka anayeweza kuieleza hesabu hii mbele ya mteja, kwa kalamu na karatasi, ana nafasi ya kuuza ile ya pili.

Hata hivyo wati si kila kitu. Kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili kunahitajika karibu mara kumi ya nguvu. Tofauti kati ya wati 20 na 25 haifai kulipiwa. Kinachofaa kulipiwa ni kasha na spika yenyewe. Uzi mzito wa gitaa la besi hutoa sauti ya hezi 41, na spika ya inchi tatu ndani ya plastiki haiwezi kuifikisha. Huko ambako rumba ya Kongo ndiyo kipimo cha sabufa, mteja atalitambua hilo kabla hata ya kuuliza bei. Maandishi ya "hezi 20 hadi 20,000" yasimzuzue mtu, kwani bila kutaja sauti inashuka kwa desibeli ngapi pembeni hayana maana.

Majaribio ya dukani ni machache. Washa seti bila muziki, ongeza sauti hadi mwisho, usikilize kama inavuma. Kisha weka hotuba ya mtu, si muziki, kwa sababu sauti ya binadamu huumbua spika mbovu haraka. Mwisho iache robo tatu ya sauti kwa dakika kumi na uguse adapta au sehemu ya transfoma. Ikiwa haishikiki mkononi, usinunue boksi 30 za aina hiyo.

Kuhusu seti za spika tano na sabufa, tahadhari ni moja: kompyuta nyingi za mkononi zina tundu moja la sauti la stereo. Kwenye tundu hilo spika tano zinarudia yale yale ambayo mbili zingesema, na waya za kuharibika zimeongezeka.

Umeme

West Nile ina historia yake. Kwa miaka mingi mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukihudumiwa na kampuni ya WENRECo tangu 2003 kwa jenereta, kisha kwa kituo cha maji cha Nyagak cha megawati 3.5 kilichozinduliwa 2012. Gridi ilifika miaka ya karibuni tu, na vijijini na katika makazi ya wakimbizi kama Lobule na Bidi Bidi watu wengi wanategemea sola. Kwa soko hilo seti ya volti 12 inayoingia moja kwa moja kwenye betri ina thamani kuliko yenye wati nyingi inayohitaji inverta. Mteja aelezwe kikomo chake: bila saketi ya kupandisha volti, umeme wa volti 12 hauwezi kusukuma zaidi ya wati 18 hivi kwenye spika moja ya ohm 4.

Kwa wenye umeme wa ukutani au jenereta ndogo, adapta iliyoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia umeme kushuka. Yenye transfoma ya kawaida ya 220 hupoteza nguvu umeme ukishuka, lakini fundi redio yeyote anaweza kuifungua na kuitengeneza. Vipuri ni sehemu ya bei.

Mpakani na barabarani

Kosa linaloweza kula faida yote liko kwenye ankara. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kompyuta huingia kwa asilimia 0, na hapo ndipo kishawishi cha kuandika spika kuwa "vifaa vya kompyuta" kinapoanzia. Lakini maelezo ya Sura ya 84 ya mfumo wa kimataifa wa bidhaa yanasema wazi kwamba spika zinazoletwa peke yake haziingii katika kundi la kompyuta, 8471. Zinakwenda 8518. Aliyetangaza vinginevyo anajiwekea hatari ya mzigo kuzuiliwa na kutozwa faini.

Utaratibu rahisi wa jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 nao hausaidii hapa, ingawa Sudan Kusini ilijiunga 2016 na Kongo 2022. Unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na spika zilizotengenezwa China hazimo.

Kwa msafirishaji, sabufa ni ujazo zaidi kuliko uzito. Boksi la sentimita 50 kwa 35 kwa 35 linachukua karibu mita za ujazo 0.061, maana yake 16 katika mita moja. Nauli igawanywe kwa hizo 16 kabla ya kupanga bei. Lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba haina shida kwa mzigo huu, ila mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari kutoka Kampala yalilazimika kuzunguka. Boksi zipangwe uso wa spika ukitazamana na uso, si na kona ya boksi jingine, na mafuta au sabuni visiwekwe juu yake. Koni ikitobolewa Kampala itagunduliwa Koboko.